Mfereji wa Pili

Kazi yangu ina maneno mawili: anza, koma.
Nayaandika kwa vidole, hayana sauti,
kwenye kifaa cheusi kilicholala rafuni
ghorofa ya pili, Kasese, juu ya duka la mbolea.
Tunakiita Mpondwe,
kwa sababu kila sauti iingiayo husimamishwa kwanza:
watoka wapi, waenda kwa nani.

Watu hudhani kurekodi ni kunasa, kama panya.
Sivyo. Simu ikiingia sauti hugawika njia mbili.
Mkondo mmoja waenda sikioni kwa Ithungu,
wa pili waenda kwenye faili,
bila kuitikia, bila kusema pole.
Nikiamuru koma, sikati mazungumzo.
Naziba mfereji wa pili tu.

Sheria ya chama chetu cha akiba imebandikwa ukutani
kwa gundi iliyochoka:
mteja akikaribia kutaja namba ya siri, koma.
Akimaliza, anza.
Sekunde kumi na tano zatosha,
kisha kengele humlilia mhudumu sikioni.
Tarakimu nne hazihitaji zaidi,
hata kwa mwenye kigugumizi.

Jumanne ile mvua ilikuwa imeshuka kutoka Kilembe,
Nyamwamba ukinguruma nyuma ya nyumba,
akapiga Kyakimwa, mwenye jaruba la chumvi Katwe.
Ithungu na Kyakimwa: majina yanayofuatana,
kama watoto wa tumbo moja.
Nilimsikia kidogo, nikikagua laini:
"Mwanangu, kuna mtu wa tatu hapa?"
Ithungu akamwambia kweli: simu inarekodiwa, mama.
"Basi mfumbe macho huyo. Nataka kutaja namba."

Koma.

Nikavua vipokea sauti, maana koma ni koma kwangu pia.
Taa ya kijani ikawa ya njano.
Sekunde kumi na tano. Arobaini. Dakika.
Nikachungulia kupitia kioo:
Ithungu haandiki kitu.
Kalamu yake imesimama juu ya karatasi
kama mtu aliyefika chumbani akasahau alichofuata.
Pakiti zilipita, niliziona zikipita,
hamsini kila sekunde, kwenda na kurudi,
nyingi zaidi kuja kuliko kwenda,
na mpaka wangu ukahesabu magunia bila kuyafungua.

Kisha akainua kidole. Anza.

Sauti ya kwanza baada ya pengo ni mtu akipenga kamasi.
Ya pili: "Ndiyo hivyo. Haya, salio langu ni ngapi?"
Laki tatu na elfu kumi na mbili, mama.
"Asante. Kesho nafungua maji jarubani, jua likikubali."

Mwisho wa mwezi akaja mkaguzi kutoka Kampala,
Bwana Walugembe, viatu havijajua tope letu.
Akaweka kidole kwenye skrini, penye pengo:
dakika nne na sekunde tisa.
"Tarakimu nne zatajwaje kwa dakika nne?"
Labda moja moja, nikasema.
Hakucheka. Akaandika: hitilafu ya mtambo.
Nikatia sahihi. Mtambo haukubisha.

Ithungu sikumuuliza.
Ila siku moja, akichovya muhogo kwenye chai,
alisema bila kunitazama:
"Kuna watu namba yao ya siri ni tarehe."
Akaomba sukari.
Nikatazama dirishani. Mto umerudi kimo chake,
wavulana wanachota mchanga
pale palipokuwa na nyumba.

Jioni hiyo nilibaki nyuma nikaingia kwenye mipangilio,
nikaitafuta ile kengele ya sekunde kumi na tano,
nikaizima.
Hakuna aliyeniagiza.
Mkaguzi akirudi ataikuta kimya.
Aandike tena mtambo.